Kibanda cha babu na misimu minne

Ni saa mbili usiku, mwezi Novemba, katika kijiji kimoja cha milima ya Usambara, wilayani Lushoto. Mvua imekatika muda si mrefu na majani ya migomba bado yanadondosha maji. Binti wa miaka minane anatembea taratibu pembeni mwa shamba, gambuti miguuni, tochi mkononi. Nyuma yake yupo mama yake, na nyuma ya mama yupo bibi, amejifunga khanga mbili kwa sababu ya baridi.

Binti anasimama ghafla. "Yule pale," ananong'ona.

Kwenye ncha ya tawi la mpera, mwanga wa tochi umemkuta kinyonga amelala, mkia ameukunja kama kishikizo. Usiku rangi yake hufifia, hivyo akimulikwa huonekana kwa urahisi kuliko mchana.

"Mjukuu wangu, usimguse huyo!" Bibi amesharudi hatua mbili.

"Simgusi bibi, namtazama tu. Ana pembe mbili puani, kwa hiyo ni dume."

Bibi ameishi milimani hapo miaka zaidi ya 60 na hajawahi kumtazama kinyonga kwa zaidi ya dakika moja. Mama naye anatazama, lakini mawazo yake yako kwingine. Miezi minne tu kabla ya usiku huo, yeye ndiye aliyewaambia kaka zake kwamba kibanda hicho kiuzwe, na kwamba watoto wake hawatalala humo tena.

Usiku wa jiko la mkaa

Kibanda chenyewe ni kidogo: vyumba viwili, kuta za miti na udongo, paa la bati. Babu alikijenga juu ya shamba, karibu na ukingo wa msitu, ili alale huko msimu wa mahindi na kuwafukuza kima na nguruwe pori. Alipofariki, kikabaki kitupu. Bibi anaishi nyumba ya chini, kijijini. Binti yake, mume wake na watoto wao wawili wanaishi Tanga mjini, ambako mwezi Julai watu hulala kwa shuka moja tu.

Julai hiyo familia ilipanda kwenda kumsalimia bibi na ikaona ilale kibandani. Baridi ya kipupwe iliwashinda. Walipomaliza kupika, wakaingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga dirisha na kuziba mwanya wa mlango kwa khanga. Joto likawa zuri, wakasinzia.

Saa nane usiku mtoto wa kiume, mwenye miaka mitano, alianza kutapika. Dada yake alilalamika kichwa kinamuuma. Mama aliposimama, miguu ikakataa. Baba alitambaa hadi mlangoni, akaufungua, na wote wakatolewa nje kwenye ukungu. Walipelekwa hospitali na wakapona. Walikuwa na bahati.

Mzazi, jambo hili halihusu Lushoto pekee. Mkaa unapowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na huizuia damu kubeba oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, ndiyo maana wengi hudhani ni uchovu wa safari. Watu wawili au watatu wa chumba kimoja wakiumwa kichwa kwa pamoja huku jiko likiwaka, watoeni nje mara moja, kisha muwahishe hospitali. Hata mkaa unaoonekana umefunikwa na majivu bado una sumu. Chumba cha kulala hupashwa joto kwa mablanketi, soksi na kofia, siyo kwa jiko.

Wiki iliyofuata familia ilikaa kikao. Wajomba walitaka kuuza kibanda pamoja na kipande cha shamba, na mama akakubaliana nao. Bibi aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akasema maneno machache: "Aliyewaumiza ni mkaa. Msilisingizie shamba la mzee." Akaomba apewe mwaka mmoja. Watoto wapande kila msimu, wakione kibanda katika hali zake zote, halafu ndipo liamuliwe. Wajomba walikubali kwa heshima yake. Mama alikubali kwa shingo upande.

Vuli: kinyonga na kumbikumbi

Ndiyo maana Novemba mama alikuwa pale, nyuma ya tochi ya mwanawe.

Kabla ya safari hiyo baba alikuwa amepanda peke yake kwa siku mbili. Alipanua dirisha, akaweka wavu, akajenga kijiko cha kupikia nje chenye paa la bati chakavu. Wakati wa kulala jiko hubaki huko huko.

Kinyonga yule wa pembe mbili ana habari yake. Yumo katika kundi la vinyonga ambalo mwaka 2006 wanasayansi walilipa jina jipya la kitaalamu, Kinyongia, kutokana na neno letu la Kiswahili. Aina ile hupatikana Usambara Magharibi tu. Macho yake hutazama pande mbili kwa wakati mmoja, na ulimi wake ukifyatuka unaweza kuwa mrefu kuliko mwili. Hana sumu. Akikamatwa kwa nguvu anaweza kung'ata, lakini hakuna mtu aliyekufa kwa sababu ya kinyonga. Wanaoteseka ni wao, kwa kupigwa mawe kila wanapovuka njia, eti wanaleta mkosi.

Baba aliweka sheria moja: kutazama kwa macho, kutogusa kwa mkono. Hakuna kumbeba kinyonga kwenye chupa kumpeleka Tanga. Kumkamata mnyamapori bila kibali ni kosa kisheria, na kinyonga akitolewa kwenye baridi yake ya milimani ni vigumu kuishi.

Asubuhi yake jua lilichomoza na kumbikumbi wakaanza kutoka ardhini kama moshi. Mtoto wa kiume alikimbia kati yao akipiga makofi. Bibi alimweleza kuwa hao ni mchwa wenye mabawa, wanaoruka mara moja tu kutafuta wenzao na kwenda kuanzisha vichuguu vipya. Wakitua, mabawa hudondoka. Mchana waliwala wakiwa wamekaangwa kwa chumvi kidogo. Mtoto ambaye mjini husumbua kula mayai alimaliza sahani.

Binti alianza daftari. Kila mnyama aliyemwona alimchora, akaandika tarehe, jina la Kiswahili na jina la Kisambaa alilotajiwa na bibi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa kinyonga.

Kiangazi: macho ya kutazama mbali

Februari walipanda tena, Ijumaa jioni hadi Jumapili. Mvua ilikuwa imepotea, njia ya vumbi, na usiku anga lilikuwa safi. Bibi aliwaonyesha Kilimia, lile kundi dogo la nyota lililoshikana kama vifaranga, ambalo jina lake linatokana na kulima. Wazee waliitumia kuhesabu misimu kabla kalenda haijafika ukutani. Mjini Tanga watoto hao hawajawahi kuiona, kwa sababu ya taa za barabarani na kwa sababu saa hizo wanaangalia katuni.

Alfajiri waliamshwa na mngurumo uliotoka msitu wa Magamba, mkubwa kama wa mnyama mkali. Walikuwa mbega, wale weusi wenye manyoya marefu meupe mabegani, wakitangaza mipaka ya himaya zao. Kwa darubini ya kuazima, familia iliwaona wakirukia mti mwingine. Mmoja alikumbatia mtoto mweupe pepe. Mbega huzaliwa weupe, rangi nyeusi huja baadaye. Tena mkono wa mbega hauna dole gumba la maana, ni kinundu tu. Binti alichora mkono huo karibu na mkono wake mwenyewe.

Kwa binti huyu kutazama mbali kuna faida nyingine. Tangu mwaka jana anavaa miwani, haoni ubaoni vizuri. Katika mji wa Guangzhou, China, watafiti waliwafuatilia wanafunzi wa darasa la kwanza kwa miaka mitatu. Waliokuwa wameongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule, asilimia 30 hivi walipata tatizo la kutoona mbali. Kwa wenzao ambao hawakuongezewa, ilikuwa karibu asilimia 40. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Mwanga wa mchana husaidia jicho la mtoto likue vizuri. Kukaa nje hakumvui mtoto miwani aliyokwisha kuivaa. Ila mdogo wake, ambaye bado anaona vizuri, ana kila sababu ya kukimbizwa uani baada ya shule badala ya kupewa simu.

Kiangazi kina tahadhari yake pia. Mazao yakivunwa, panya huhamia ndani. Lushoto iliwahi kusumbuliwa na ugonjwa wa tauni kwa miaka mingi kuanzia 1980, na tauni huenezwa na viroboto wa panya. Bibi anaikumbuka. Kwa hiyo kibandani unga hukaa kwenye ndoo yenye mfuniko, hakuna anayelala sakafuni, na mtoto akikuta panya aliyekufa haruhusiwi kumgusa, hata kwa kijiti. Anamwita mkubwa. Panya wakionekana kufa wengi kwa pamoja, ofisa afya wa kata aambiwe siku hiyo hiyo.

Masika: siafu wanapita

Mama alikuwa akiiogopa safari ya Aprili kuliko zote. Barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kilomita zaidi ya 30 za kona, na mvua ikizidi, mawe na tope huweza kushuka. Walisubiri siku mbili hadi mvua ilipopungua, wakasafiri mchana.

Usiku wa kwanza siafu waliingia. Baba alisikia kama mchakacho wa karatasi, akawasha tochi, akaona mstari mweusi ukipanda ukutani. Zamani mama angepiga kelele na kudai gari usiku ule ule. Safari hii aliwabeba watoto waliojifunga mablanketi, wakashuka kwa bibi, wakalala huko. Bibi alicheka. "Siafu ni wageni wasiolala. Wanapita, wanafagia mende wote, wanaondoka." Asubuhi kibanda kilikuwa kitupu na hakikuwa na mende hata mmoja. Mtoto wa kiume alihesabu mwenyewe, akasema, "Sifuri."

Masika pia ni wakati wa nyasi ndefu, na nyasi ndefu zina nyoka. Kifutu, ambaye hupatikana sehemu nyingi za Tanzania, hakimbii akisikia hatua. Hutulia akitegemea rangi yake imfiche, na wengi hung'atwa kwa kumkanyaga. Baba alifyeka mita kadhaa kuzunguka kibanda, akahamisha rundo la kuni mbali na mlango. Kwenda chooni usiku ni kwa gambuti na tochi, mtoto akiwa na mkubwa.

Ikitokea mtu ameng'atwa, kinachookoa maisha ni kufika hospitali mapema. Mtulize, mvue pete, bangili na viatu vinavyobana kabla hajavimba. Kiungo kilichong'atwa kifungiwe kijiti kisichezecheze, kisha abebwe, asitembee. Msimchanje, msinyonye kidonda, msikaze kamba, wala msipoteze saa nzima mkitafuta jiwe jeusi la kunyonya sumu. Nyoka naye aachwe aende zake, maana anayemfukuza ndiye huwa mgonjwa wa pili.

Safari hiyo hawakumwona nyoka hata mmoja. Walichokiona ni kupungukiwa. Mbayuwayu waliokuwa wakipishana juu ya shamba tangu Novemba hawakuwepo tena. Binti alipekua daftari lake na kuuliza wamekwenda wapi. Wengi wa mbayuwayu hao huzaliwa Ulaya na Asia. Hufika Afrika kuanzia Septemba na Oktoba wakikimbia baridi, na ifikapo Machi na Aprili hurudi walikotoka kwenda kutaga. Ndege mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, na husafiri maelfu ya kilomita kila upande.

"Wanajuaje njia?" aliuliza mtoto wa kiume.

"Watarudi kwenye mvua za vuli, utawauliza," baba alimjibu.

Kipupwe tena

Julai ikarudi, na ukungu wake. Ulikuwa mwaka kamili. Safari hii kila mtu alikuwa na sweta, soksi na kofia, na jiko lilikaa nje. Usiku wa kwanza mama hakulala. Aliamka mara tatu kuwasikiliza watoto wakipumua. Saa nane, saa ile ile ya mwaka uliopita, alitoka nje akasimama kibarazani. Ukungu ulikuwa umefunika bonde lote na hakuna kilichosikika isipokuwa maji yakidondoka kutoka kwenye bati. Alirudi ndani, akalala hadi kulipopambazuka.

Mchana wajomba walifika kwa kikao. Mjomba mkubwa aliuliza swali la haki: paa linavuja, nauli imepanda, mnafuata nini huko juu? Mbuga za wanyama zipo, mtu analipia siku moja anaona tembo, anarudi nyumbani.

Mama hakuwa na hotuba. Alimwambia mwanawe alete daftari. Mjomba alilifunua ukurasa kwa ukurasa: kinyonga, kumbikumbi, mkono wa mbega, mstari wa siafu, mbayuwayu wenye alama ya kuuliza. Majina mengine ya Kisambaa yeye mwenyewe alikuwa ameyasahau. Alifika kwenye mchoro wa bibi ameshika tochi mbele ya tawi, na chini yake kumeandikwa: "Bibi alimtazama dakika nne."

Bibi alikiri. Siku hizi, alisema, akimkuta kinyonga njiani humpitisha kwa kijiti upande wa pili ili watoto wa kijijini wasimpige.

Kibanda hakikuuzwa. Walikubaliana sehemu ya shamba akodishwe jirani kwa msimu, na kodi inunue bati mpya. Mwakani wataangalia tena. Siyo ushindi mkubwa, lakini watoto wana msimu mwingine.

Kama huna kibanda

Si kila familia ina shamba milimani, na pengine hapo ndipo mzazi anayesoma haya anapoona hayamhusu. Lakini watoto hawa hawakubadilishwa na Usambara peke yake. Walibadilishwa na kurudi mahali pale pale. Anayefika mara moja huona baridi na siafu, akaondoka na hofu yake. Anayerudi kila msimu huanza kujua kipi ni cha kuogopa na kipi ni cha kutazama. Mama huyu alikuwa akiogopa vinyonga na msitu, wakati kilichokaribia kumwulia watoto ni jiko alilolibeba kwa mikono yake.

Mahali hapo panaweza kuwa kwa bibi kijijini, shamba la ndugu nje ya mji, ufukwe wakati wa maji kupwa, hata mwembe mmoja wa mtaani. Chagueni pamoja. Nendeni vuli, nendeni kiangazi, nendeni masika na kipupwe. Mpe mtoto daftari na penseli, simu ibaki mfukoni mwako. Na kabla ya kuondoka nyumbani, mzazi hakikisha yafuatayo:

– Jiko la mkaa halitalala chumbani, hata kwa dakika chache.
– Vyandarua vimo kwenye begi. Milimani mbu ni wachache, lakini hawakosekani. Mtoto akipata homa baada ya safari, apimwe malaria.
– Kila mtu ana viatu vya kufunika mguu, na tochi yenye betri nzima.
– Unajua kituo cha afya kilicho karibu na usafiri utakaoutumia usiku.
– Watoto hawalishi kima, tumbili wala mbwa wasiowajua. Aking'atwa au kukwaruzwa, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Asisubiri aone kama kitapona.
– Mkubwa mmoja anajua majina ya wanyama wa hapo. Kama huyajui, muulize bibi. Naye atafurahi kuulizwa.

Mwezi Oktoba, asubuhi moja, familia hiyo ilikuwa Tanga mjini, watoto wakisubiri gari la shule. Mtoto wa kiume, sasa ana miaka sita, aliinua kichwa kuelekea nyaya za umeme.

"Dada," alisema, "leta daftari. Wamerudi."